Kipindi cha Kuumuka

Inatangazwa rasmi kwa walimu, kwa wafanyakazi wasio walimu, kwa wazazi na kwa kila mwenye meno yake mwenyewe, kwamba mwanamke aliyewapangia walimu thelathini na wanne vipindi vyao kwa miaka kumi na tisa, bila wawili kugongana mlangoni, ameshindwa na nusu kilo ya unga. Kushindwa kulianza Jumatatu na kukaendelea kwa bidii hadi Ijumaa. Tangazo hili limethibitishwa na mumewe, fundi bomba mstaafu, ambaye tangu Jumatatu hiyo anatafuna upande mmoja tu.

Shuleni wanamwita Ratiba. Jina lake halisi limo kwenye faili fulani na hakuna anayelihitaji. Ofisi yake ni chumba chembamba kati ya stoo ya chaki na choo cha walimu: meza moja, dirisha lisilofungika, na ubao mkubwa uliojaa vijimisumari, kila kipindi kikiwa ni kipande cha kadi chenye rangi ya somo lake. Waliwahi kumletea kompyuta ifanye kazi hiyo. Kompyuta ikampeleka mwalimu wa michezo kwenye madarasa matatu saa ile ile. Ratiba aliuchapisha mpango huo na kuubandika ukutani, kama mtu anavyotundika pembe za mnyama aliyemuua mwenyewe.

Kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni kipindi kitupu. Mwalimu akikaa bure, alisema, hutoa vitu viwili: umbea na barua ya kuomba ruhusa. Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Ukutani jikoni palikuwa na ratiba ya kufua, ya kupiga pasi, ya kumwagilia maua matatu. Mumewe alipostaafu alidhani ameponyoka. Kesho yake akakuta ameongezewa safu yake. "Saa tatu: kutembea. Saa nne: kurudi."

Wala hakuwa mtu wa kujificha. Alijisema mwenyewe kabla hujamsema. "Mimi," alipenda kuwaambia walimu wapya, "nilijifungua siku ya Jumapili kwa sababu siku za kazi zilikuwa zimejaa."

Huyo aliyezaliwa Jumapili ndiye aliyekuja kumwoa mshona mapazia, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Na hapo ndipo Ratiba alipoharibu.

Mkwe alipokuwa mjamzito alimletea mashine ya mkate, mpya, ndani ya boksi lake. "Mama, harusini tulipewa mbili," akasema. "Chukua moja, upumzike kukanda."

Ratiba akalisikia hilo neno "upumzike" kama tusi la nguoni. Akasema asante kwa sauti ya mtu anayepokea barua ya onyo, akaipandisha mashine juu ya kabati la nguo, ikakaa huko na boksi lake.

Kisha mtoto akazaliwa, wa kike, mjukuu wa kwanza. Bibi mtu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, akafanya kitu pekee anachokijua: akampangia ratiba. Kadi ngumu, rangi tatu. Kunyonya, dakika ishirini. Kucheulishwa, dakika tano. Kulala, vipindi viwili mfululizo. Kulia, dakika kumi, "baada ya saa kumi jioni tu". Chini akaandika "Kwa utekelezaji", akatia saini, akagonga muhuri wa shule, akaituma kabla hajaenda kumwona mtoto.

Mkwe alijibu kwa ujumbe wa simu. "Mama, mtoto ameisoma. Amekataa."

Tangu siku hiyo, miezi mitano, si mkwe si mtoto aliyekanyaga nyumba ile, na Ratiba naye hakupata miguu ya kwenda. Mjukuu akawa anamwona kwenye picha tu, akiota kidevu cha pili kwenye kioo cha simu.

Ndipo Jumapili moja mwanawe akapiga.

"Mama, Jumamosi saa kumi tutakuja. Wote watatu."

"Na mama mtoto?"

"Sasa watatu wangetoka wapi bila yeye? Amekubali. Lakini nakuomba kitu kimoja, Mama."

"Sema, baba."

"Usituandikie chochote."

Ratiba alikata simu, akapanda kwenye stuli, akaishusha mashine. Kusema "nisamehe" hakuwa anajua. Neno hilo halikuwahi kupata msumari ubaoni kwake. Lakini mkate uliotoka kwenye mashine ile ile aliyoidharau ungeweza kusema kwa niaba yake. Mkwe angeuona mezani, angeonja, angeelewa. Kilichotakiwa ni mkate unaolika. Alikuwa na siku sita.

Mashine ilikuwa na programu kumi na tano. Ya kwanza ni mkate wa kawaida: unatia maji, unga, chumvi na hamira, unabonyeza, unaenda zako. Mtu mwingine angeishia hapo. Ratiba alisoma kijitabu cha maelekezo hadi mwisho, na huko mwisho akakutana na programu ya kumi na tano, ya kujipangia mwenyewe. Kila hatua na dakika zake. Mshale wa juu unaongeza, mshale wa chini unapunguza. Kukanda, kuumuka, kukanda tena, kuumuka tena, kuumuka mara ya tatu, kuoka, kutunza joto. Hata rangi ya ganda unachagua. Alivaa miwani. Moyo ulimwenda mbio kwa namna ambayo mumewe hakuwahi kuusababishia hata enzi za uchumba.

"Mzee, njoo uone! Ina vipindi!"

"Mm," akajibu mumewe kutoka kwenye kochi.

"Ila aliyeipanga alikuwa mvivu. Tazama. Kuumuka dakika arobaini. Halafu ishirini na tano. Halafu hamsini na tano! Saa mbili nzima donge limekaa tu, halifanyi kitu."

"Linaumuka."

"Kuumuka si kazi. Kuumuka ni kukaa."

"Mimi sijui," akasema mumewe. "Mimi ni fundi bomba."

Ratiba akaushika mshale wa chini. Kuumuka kwa kwanza akakupa dakika kumi, kwa pili tano, kwa tatu tano. Dakika zilizookolewa hakuzitupa. Alizihamishia kwenye kukanda, kama vipindi vya ziada kwa darasa la mtihani. Mashine ikakanda hadi ikaanza kutembea mezani, mumewe akaizuia kwa goti.

Kilichotoka kilikuwa na kimo cha mche wa sabuni na uzito wa betri ya gari. Kile kijichuma cha kukandia kilibaki kimezama ndani, kikatolewa kwa bisibisi. Mumewe, mtu muungwana, alikata kipande akakiuma. Pakasikika mlio.

"Huo ni mkate?" Ratiba akauliza kwa matumaini.

"Hapana. Ni jino."

Usiku haujaingia alikuwa amefungua daftari na kuchukua kalamu nyekundu. Aliandika kama anavyoandika kwenye taarifa za wanafunzi: "Mkate wa Jumatatu. Mahudhurio: mazuri. Tabia: mgumu. Mwalimu wake: anajiona anajua." Kisha akauchukua mkate wenyewe akauegemeza kwenye mlango wa jikoni, ambao kwa miaka minne ulikuwa ukijifunga wenyewe. Mlango ukatulia. Hakuna mdudu aliyeusogelea.

Jumanne aliishuku hamira, akatia mara mbili. Mkate ulivimba ndani ya joto kwa kiburi kikubwa, halafu ukabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa, na jiko zima likanuka pombe. "Ana kipaji cha kupanda na kushuka," likaandika daftari. "Ashauriwe."

Wa Jumatano ulikuwa na ganda zuri la kahawia, na Ratiba, kwa kuwa ganda ndilo alilokuwa analiona, aliufunga kwa kitambaa akaupeleka shuleni. Aliuweka katikati ya meza ya chai. Walimu wakausogelea taratibu, kama watu waliokuta begi lisilo na mwenyewe.

"Madam Ratiba, hiki nini?" akauliza mwalimu wa hisabati, msichana mwembamba ambaye hakuwahi kumwogopa mtu.

"Mkate."

"Wa kula?"

"Wa kusoma! Kata huko."

Kisu kiliteleza mara mbili. Mwalimu wa hisabati akatoa rula mfukoni, akapima. "Sentimita sita nukta mbili." Mwalimu wa fizikia akaomba apewe kipande kwa ajili ya somo la uzito na ujazo, maana jiwe la maabara lilikuwa limepotea. Chumba kizima kikacheka, na Ratiba akacheka kuliko wote, akishika mbavu.

"Niambie ukweli, Madam," akasema yule wa hisabati alipopata pumzi. "Umeupa muda gani wa kuumuka?"

"Dakika ishirini."

"Kila mara?"

"Jumla."

Kicheko kikakatika. Mwalimu wa hisabati akauweka mkate chini kwa heshima, kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

"Basi ndiyo maana. Umeufanya ulivyonifanya mimi siku za Alhamisi. Vipindi saba mfululizo, Madam. Saba! Nikitoka darasa la mwisho ninafanana kabisa na huyu."

"Usijisingizie," akasema Ratiba. "Wewe hujaungua pembeni."

Wakaangua tena. Lakini njiani kurudi ofisini hakuwa anacheka. Alisimama mbele ya ubao wake akaitazama Alhamisi ya yule binti: kadi saba nyekundu, zimebanana, hata kidole hakipiti. Alinyoosha mkono kutoa moja, akaurudisha. Miaka kumi na tisa haitoki kwa siku moja.

Hata hivyo alikubali kosa, kwa kiasi cha asilimia kumi. Alhamisi alilipa donge nusu saa. Ijumaa dakika arobaini, akibonyeza mshale wa juu kama anayechomolewa damu. Wa Ijumaa uliweza kukatwa. Mumewe aliutafuna, kwa ule upande wake, akafikiri.

"Hili bado ni tofali," akatoa hukumu, "ila limesoma soma."

"Nifanyeje na wageni ni kesho?"

"Weka namba moja."

"Namba moja ni ya watu wasiojua kupanga!"

"Ndiyo," akasema mumewe. "Wale wanaokula mkate."

Jumamosi saa tano asubuhi unga uliobaki ulikuwa wa mkate mmoja tu. Ratiba alipima kila kitu mara mbili. Aliiweka programu ya kumi na tano, akaipa kuumuka dakika hamsini na tano kwa jumla, ukomo wa wema wake. Mashine ikakanda vizuri, ikanyamaza, kioo kikaandika kuwa donge sasa linaumuka. Akakaza macho kwenye dakika. Zilipobaki sita kabla ya kukanda tena, friji ikakohoa, redio ya mumewe ikakata katikati ya neno, na namba kwenye kioo zikazimika.

Umeme.

Ratiba alikuwa anakijua kijitabu kwa moyo: umeme ukipotea zaidi ya dakika kumi, mashine husahau kila ilichopangiwa. Akatoa saa ya kupimia mbio za wanafunzi, akaibonyeza. Dakika ya tisa alikuwa anaomba. Ya kumi na moja aliketi juu ya boksi la mashine, likabonyea.

"Imesahau," akasema. "Vipindi vyote. Na wale wanakuja." Jiko lao lilikuwa la gesi la mafiga mawili, halina tanuri, majirani nao walikuwa gizani vile vile. Akainuka kufungua kifuniko. "Angalau nilikande kwa mkono."

Mumewe akaweka kiganja chake juu ya kifuniko. "Liache."

"Nifanye nini sasa?"

"Kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae."

Akakaa. Hakuwa na kipaji. Alihesabu vigae vya ukutani, mia moja na kumi na mbili, akahesabu tena akapata mia moja na kumi na tatu, akaudhika. Alikunja kitambaa, akakikunjua. Kwa mara ya kwanza alisikia kuwa bomba la jikoni halivuji, na kuwa huenda halikuwahi kuvuja tangu aolewe. Saa moja ikapita. Na alipokosa kabisa cha kupanga, mdomo ukasema wenyewe.

"Mtoto ana miezi mitano na mimi sijui hata ananukaje."

"Maziwa," akasema mumewe. "Na poda kidogo, huku nyuma ya shingo."

Ratiba akageuka polepole. "Umejuaje?"

Mumewe akanyoosha kidole ukutani, kwenye safu yake. "Umeniandikia saa tatu kutembea. Natembea. Kwao ni dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Hizo nyingine namshika."

"Miezi yote mitano?"

"Isipokuwa siku za mvua."

Ratiba aliikodolea macho safu ile. Ratiba yake mwenyewe, mwandiko wake mwenyewe, na mumewe amepita katikati yake kama maji kwenye ungo. Alitaka kukasirika, akaona hasira haina pa kushika.

"Na mama yake," akauliza kwa sauti ndogo, "huwa anasema nini kuhusu mimi?"

"Huuliza hujambo. Namwambia unapanga."

Kidogo Ratiba acheke, kidogo alie. Mwishowe alifanya vyote viwili kwa pamoja, akapiga chafya.

Umeme ulirudi saa nane kasoro robo. Aliinua kifuniko kwa ncha za vidole, tayari kwa msiba. Donge lilikuwa limejaa chombo chote, laini, limetuna hadi karibu kugusa kioo cha kifuniko, lina ngozi inayometa kama shavu la mtoto aliyeshiba. Hakuna aliyeligusa. Halikuwa limepangiwa chochote. Ratiba aliitafuta programu ya kumi na mbili, kuoka tu, akabonyeza, akarudi nyuma hatua tatu kama aliyewasha fataki.

Wageni walifika saa kumi kamili, jambo ambalo Ratiba alilitambua na, kwa gharama kubwa, hakulitaja. Mwanawe aliingilia mlango wa jikoni, akajikwaa.

"Aa! Hiki nini mlangoni?"

"Wa Jumatatu," akasema baba yake.

Mkwe aliingia nyuma yake, mtoto kifuani, mikono yote miwili imemzunguka kama kufuli. Alisalimia vizuri, kwa adabu zote, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Ratiba akaitikia vizuri, kwa adabu zote, akabaki amesimama. Macho ya mkwe yakapita kwenye kikombe, kwenye siagi, yakafika kwenye mashine, ikiwa wazi, na unga umeganda kwenye vitufe vyake.

"Umeishusha," akasema.

"Nimeishusha."

Mkate ulikuwa kwenye sinia, mrefu, mwekundu juu, ukitoa mvuke. Ratiba aliukata, kisu kikazama bila ugomvi, akasogeza kipande. Mkwe akakionja kwa mkono mmoja. Akatafuna. Akakimaliza, akakitazama kipande cha pili, akaitazama siagi, akaona kuwa mikono haitoshi. Akafikiri kidogo. Kisha akainuka, akazunguka meza, akamweka mtoto mikononi mwa bibi yake, akarudi kupaka siagi.

Maziwa. Na poda kidogo, nyuma ya shingo. Mzee hakukosea.

Mtoto alishika kamba ya miwani akaivuta kwa nguvu zote, akacheua bila kucheulishwa, nje ya kipindi chochote, kwenye blauzi safi ya Ratiba. Ratiba hakusogea, asije akamshtua akachukuliwa.

"Mama," akasema mkwe, mdomo umejaa. "Mimi ile yangu hainipi mkate kama huu hata siku moja. Nimehangaika nayo mpaka nimeirudisha kabatini." Akameza. Akamtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na kwenye pembe ya mdomo wake pakawa na kitu kilichokaribia tabasamu. "Hii umeipangaje? Hebu niandikie ratiba yake."

Mwanawe akapaliwa na chai. Mumewe akaangalia dari. Ndani ya droo, chini ya kiwiko cha Ratiba, zilikuwepo kadi ngumu, kalamu za rangi tatu na daftari lenye mahesabu ya siku tano. Muhuri ulikuwa kwenye mkoba. Miezi mitano alikuwa ameingoja sentensi hiyo. Akamweka mtoto vizuri begani.

"Umeme ulikatika," akasema.